Nikinunua Boxer Taveta, waranti itafanya kazi Moshi?

Kijana_wa_Himo

Wakuu habari za saizi. Nina swali na naomba mwenye uzoefu anijibu maana hapa kijiweni kila mtu ana lake.

Nataka kuchukua pikipiki mpya, Boxer BM150, mchana boda na alfajiri kushusha ndizi za mama kutoka Marangu mpaka sokoni Himo. Bei za madukani Moshi nimeshazunguka nimezijua. Sasa binamu yangu yuko Voi, amenitumia picha na bei ya duka moja pale Taveta, nikipiga hesabu ya shilingi ya Kenya kwa ya kwetu naona kuna tofauti ya kama laki tatu na nusu, na kwa mtu kama mimi hiyo ni hela nyingi, ni bima na tairi mpya na chenji inabaki. Na kutoka Holili kwenda Taveta ni pua na mdomo.

Ila kinachonipa mawazo ni waranti. Duka la Taveta wanasema ina waranti ya mwaka na sevisi za kwanza bure. Je ikizingua nikiwa huku, naweza kuipeleka kwa wakala wa Moshi au Arusha wakaitengeneza bure au itabidi niivushe tena? Maana kampuni ni ileile ya India, pikipiki ni ileile, mpaka kitabu ni kilekile. Aliyewahi kufanya hivi naomba aseme ilikuwaje.

Fundi_Majengo

Kijana wangu, mimi nimekaa kwenye gereji ya wakala miaka mingi kabla sijafungua yangu, hivyo hili jambo nalijua kutokea ndani, ngoja nikuelezee taratibu.

Unavyofikiria wewe ni kwamba Bajaj, wanaotengeneza Boxer kule Pune India, wameahidi wataiangalia pikipiki yako popote ilipo. Haiendi hivyo. Kwa soko letu hili waranti inatolewa na msambazaji wa nchi, yule aliyepewa haki ya kuuza hiyo chapa kwenye eneo lake. Kiwanda kinakubaliana na msambazaji, mara nyingi kinamwongezea spea za bure kwenye kila mzigo anaoagiza au kinamrudishia gharama kwa kila dai alilolifanyia kazi, na hesabu hiyo inapigwa kwa pikipiki alizouza yeye. Pikipiki yako ikiuzwa Taveta, msambazaji wa Kenya ndiye aliyepata faida na ndiye aliyetengewa hizo spea. Wakala wa Moshi akikubadilishia gia bure anakuwa ametoa mfukoni mwake, hakuna wa kumrudishia. Ndio maana anakataa, na hakufanyii roho mbaya.

Sasa angalia kazi inavyofanyika. Unakuja na pikipiki, mimi fundi naandika fomu ya dai, namba ya chasisi, namba ya injini, tarehe ya kuuzwa, kilomita, tatizo, halafu kifaa kibovu kinafungwa kinatumwa makao makuu ya msambazaji wakakikague. Pale wanaingiza chasisi yako kwenye mfumo wao. Kama haikuingia nchini kupitia kwao haitoki kitu, inasoma kama haipo. Na hapo usijisumbue kubishana na kijana wa kaunta kwasababu hana uwezo wa kubadilisha chochote.

Watu wengine wanaangalia chasisi wakiona imeanza na MD2 wanasema hii ni Bajaj orijino ya India, au MD6 hii ni TVS orijino, basi waranti ipo. Ni kweli MD2 ni Bajaj na MD6 ni TVS, na ni vizuri kuiangalia ili usiuziwe kitu feki, lakini inakwambia nani kaitengeneza tu, haikwambii iliuzwa nchi gani.

Jambo lingine ambalo kijana wa boda lazima alijue kabla hajaipa waranti thamani kubwa: kitabu kinaandika miezi NA kilomita, kipi kitangulie. Tuseme kimeandika miezi 12 au kilomita 12,000. Wewe wa boda ukitembea kilomita 100 kwa siku, hizo 12,000 unazimaliza ndani ya miezi minne. Kwahiyo "waranti ya mwaka" kwako sio mwaka. Na vingi vinavyokufa kwenye boda havimo kabisa, breki shu, klachi pleti, nyaya, balbu, plagi, tairi, cheni na spoketi, vyote hivyo ni vya kuisha. Betri nayo mara nyingi ina waranti yake ya pembeni. Kinacholindwa ni vitu vizito: ndani ya injini, gia boksi, fremu, wakati mwingine na mfumo wa umeme. Hivyo ni nadra kufa mapema ila vikifa ndio vinakula hela.

Soma pia kama kuna mstari unaokataa matumizi ya biashara. Wengi huku hawauweki kwasababu wateja wao wakubwa ni boda, lakini nimeshaona vitabu vinavyouweka, na ukijaza jina la kijiwe kwenye fomu umejifunga mwenyewe.

Dada_wa_Namanga

Fundi kaongea ukweli mtupu. Mume wangu alichukua TVS duka la Nairobi, ikapita Namanga na kodi zote akalipa, kadi akatoa TRA vizuri. Haijafika hata miezi mitatu gia ya tatu ikaanza kuruka yenyewe. Akaenda kwa wakala Arusha, kijana wa watu alimpokea vizuri tu, akaandika namba, akarudi na jibu kwamba hii haikuuzwa Tanzania. Tukapiga simu lile duka, wakasema hawana shida, leteni. Tukauliza tutume injini tu kwenye basi? Wakasema hapana, lazima waione pikipiki nzima pamoja na kilomita zake, na hapo fundi wa kwetu alikuwa ameshaifungua kuangalia, wakasema kama imefunguliwa na mtu wa nje waranti imekufa. Iliniuma sana kwasababu huyo fundi aliifungua kwa nia njema kabisa ya kutafuta tatizo.

Tukatengeneza kwa hela yetu. Kwahiyo mdogo wangu, ukiamua kununua huko, mwambie fundi yeyote asiguse bolti ya injini mpaka umewasiliana na duka na wamekujibu kwa maandishi.

Nduthi_ya_Taita

Niwasalimu majirani. Mimi niko upande wa Kenya, nimeuza nduthi, yaani pikipiki, kwa duka pale Voi, wacha niongezee ya upande wetu.

Kwanza muulize huyo wa Taveta kama yeye ni dila aliyeidhinishwa ama ni yule ananunua kwa dila anauza na faida kidogo. Hawa wa pili ni wengi sana kwa miji midogo, na hao hawaandikishi mauzo kwa msambazaji kwa jina lako, unapata nduthi lakini kitabu cha waranti hakina muhuri, ama kina muhuri wa tarehe ya zamani. Waranti inaanza kuhesabiwa siku ya mauzo ya kwanza, si siku wewe umeingiza funguo. Nimeona nduthi imekaa kwa stoo miezi mingi, mteja anapewa akidhani ana mwaka mzima mbele yake.

Ya pili, kwetu dila huwa anasajili nduthi kwa NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, kabla ikutoke dukani, inapewa namba za KM. Wewe wataka kuipeleka Tanzania, kwahivyo lazima umwambie mapema ni ya kuexport, asiisajili huku, ndio akupatie makaratasi ya kutoka. Ikishasajiliwa Kenya ni kazi ingine ya kuiondoa kwa rejista na ushasumbuka bure. Lakini uliza hii pia: ikiuzwa kama ya export, je, bado wanaipatia waranti? Wengine hawaipatii, hata hizo sevisi za bure hawakupi, kwasababu nduthi haitakuwa kwa eneo lao. Hiyo ndio swali ya maana na watu hawaiulizi.

Na kama duka litakataa kutimiza waranti liliyokuandikia, sheria yetu iko upande wako hata kama wewe si Mkenya. Katiba ya 2010 Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, tuko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja bila hata kuwa na wakili. Nduthi inaingia hapo vizuri. Shida ni kwamba kesi utaifuata huku, nauli na siku ni zako.

Kijana_wa_Himo

Asanteni sana wakubwa, Mungu awabariki. Kumbe jambo lina kona nyingi hivi. Hilo la export kutopewa waranti sikuwa nalifikiria kabisa, nitamwambia binamu aulize leo leo.

Sasa mimi Taveta si mbali. Kwani nikikubali kwamba waranti ni ya Kenya tu, nikipata shida nikavuka nayo nikaipeleka pale pale nilipoinunua, si itakuwa sawa? Na kodi pale Holili ikoje, kuna mtu kaniambia kwa kuwa Kenya na sisi wote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru.

Mtoa_Mizigo_Holili

Hapa ndipo kazi yangu ilipo na kila siku napokea watu walioambiwa hivyo hivyo, naomba unisikilize kabla hujatoa hela.

Ni kweli umoja wa forodha upo tangu 2005, na bidhaa ya Jumuiya inapita bila ushuru wa forodha. Neno ni bidhaa YA Jumuiya, yaani iliyozalishwa humu kwa vigezo vya asili vilivyowekwa, sio iliyonunuliwa humu. Boxer imekuja kutoka India, hata kama imefungwa bolti na kuunganishwa Kenya hiyo peke yake haitoshi kuifanya iwe ya Kenya, mpaka iwe na cheti cha asili kinachothibitisha imekidhi vigezo. Duka likikwambia "hii imeunganishwa hapa haina ushuru" waambie wakupe hicho cheti mkononi. Wasipokupa, hesabu ushuru kama imetoka nje.

Halafu kuna hii ya dola 2,000. Ule utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo upo kweli, mzigo usiozidi dola 2,000 unajaziwa cheti cha asili pale pale mpakani, na pikipiki moja bei yake iko chini ya hapo. Kwahiyo watu wanakuja wamejiamini. Lakini cheti hicho nacho ni kwa bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha, mahindi, maharage, vitu kama hivyo. Bei kuwa ndogo haiibadilishi pikipiki ya India.

VAT nayo. Ukinunua kama mteja wa kawaida Taveta unalipa VAT ya Kenya 16% imo ndani ya bei. Ukifika huku unalipa yetu 18% juu ya thamani pamoja na ushuru. Umelipa mara mbili. Duka likifanya export ya kweli kwa nyaraka, ile ya Kenya haitakiwi kuwepo kwenye bei yako, lakini duka dogo linaona ni usumbufu na halifanyi. Ile laki tatu na nusu yako kwa jinsi ninavyoiona hapa dirishani haiwezi kuvuka salama.

Kuhusu kurudi nayo Taveta kwa ajili ya waranti: inawezekana. Itakuwa na namba za MC za Tanzania, inaingia Kenya kwa muda, unafuata taratibu za kibali cha muda na unahitaji bima inayotambulika kule, ndio hiyo kadi ya njano ya COMESA. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kimetusaidia sana tangu 2016, unamalizana na pande zote mbili sehemu moja. Ila pikipiki iliyokufa gia haijiendeshi, utaibeba kwenye gari, na gari nalo lina makaratasi yake.

Fundi_Majengo

Naongezea moja kwa mtoa mizigo. Wakibadilisha kitu kikubwa kule, mfano krenkesi (kasha la injini) au injini nzima, namba ya injini inabadilika na haifanani tena na kadi yako ya TRA. Trafiki akikagua una kesi ya kujieleza, na siku ya kuuza mnunuzi anakimbia. Dai barua ya duka yenye namba ya zamani na namba mpya, urudi nayo mpakani na TRA kadi irekebishwe. Nimeona kijana kakaa na pikipiki nzuri kabisa haiuziki kwa ajili ya hilo tu.

Mswahili_Bremen

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Nataka niseme kidogo kwasababu kuna ndugu zetu huku wananiuliza kila mara kama pikipiki za huku zina nafuu, na wengine wanatuma nyumbani.

Huku Umoja wa Ulaya muuzaji analazimishwa na sheria kusimamia bidhaa mpya kwa miaka 2, na wewe unaweza kuishi Ujerumani ukanunua Italia ukabaki na haki hiyo dhidi ya yule muuzaji wa Italia. Ni deni la MUUZAJI, halimhusu dila wa mtaani kwako. Juu ya hapo kuna waranti ya kiwanda ambayo viwanda vingi vikubwa vinaiheshimu Ulaya nzima, dila yeyote wa chapa hiyo anaitengeneza, lakini usidhani tu, soma karatasi maana ni hiari ya kiwanda. Na kuna mtego wa kodi unaowanasa wengi: pikipiki yenye chini ya miezi 6 au iliyotembea si zaidi ya kilomita 6,000 inahesabiwa mpya hata kama umeuziwa na mtu binafsi, VAT unalipa nchi unayoipeleka.

Ila ikitoka Ulaya kuja Tanga au Mombasa, waranti ya kiwanda ya Ulaya imeishia bandarini. Mjomba wangu aliamini kwamba BMW ni BMW popote. Nilimshauri aichukulie kama pikipiki isiyo na waranti kabisa, aweke hela ya spea pembeni, na ndicho alichofanya.

Mama_wa_Sakina

Samahani naingilia mada. Mimi niko Arusha, mwanangu anataka pikipiki ya umeme kutoka Nairobi, anasema haina mambo ya injini kwahiyo waranti haina umuhimu. Ni kweli?

Nduthi_ya_Taita

Mama shikamoo. Kwa hiyo ya umeme waranti ina umuhimu hata kuliko ya petroli, kwasababu pesa nyingi ya ile nduthi iko kwa betri. Na nyingi za huku betri si yako, ni ya kampuni, wewe unanunua nduthi bila betri halafu unabadilisha betri kwa vituo vyao ikiisha chaji. Kampuni ya Ampersand walianza Rwanda hivyo wakaja Kenya. Sasa mahali hakuna kituo chao huna betri, na bila betri hiyo nduthi hata haitawaka. Kuna zingine unanunua na betri yako unachaji nyumbani, hizo ndio angalau unaweza kufikiria, lakini muulize kijana wako nani Arusha ataifungua ile kompyuta ya betri ikisema ina hitilafu. Kama jibu ni lazima irudi Nairobi, angoje mpaka kampuni ifike huko kwenu.

Mama_wa_Sakina

Marahaba mwanangu, nimekuelewa vizuri. Nitamsomea hii jioni.

Dada_wa_Namanga

Kijana wa Himo, kabla hujaamua, nenda kwa wakala Moshi na namba ya chasisi ya hiyo ya Taveta, binamu akupigie picha pale chini ya usukani. Waulize uso kwa uso: mtaihudumia kwa waranti? Wakisema ndio waandike kwenye karatasi yao na muhuri. Sisi tungefanya hivyo tungejua jibu kabla ya kutoa hata senti. Na ukinunua Moshi chukua risiti ya EFD yenye jina lako, ikileta shida na wakagoma unaenda nayo FCC, Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya walaji na huna haja ya kuvuka mpaka.

Kijana_wa_Himo

Nimerudi wakuu. Binamu ameuliza, duka la Taveta wamesema wao hawafanyi export, wanauza kawaida na kuisajili Kenya, mengine nijue mwenyewe. Na walipoulizwa muhuri wa kitabu wakasema utawekwa na tawi lao la Mombasa baadaye. Hapo nimeachana nayo.

Moshi nimekwenda leo mchana. Nimeongea na meneja wa duka, nimemweleza ukweli kwamba nilikuwa nataka kununua Kenya na kwanini, tukakaa tukapiga hesabu ya ushuru na VAT zote mbili kama alivyosema mtoa mizigo, tofauti ikawa imebaki ndogo sana, haifiki hata nauli na siku za kukosa kazi. Amenipunguzia kidogo na kunipa kofia ngumu na sevisi mbili bila kulipia kazi, mafuta nanunua mimi. Nachukua wiki ijayo mama akimaliza mzunguko wa kikoba.

Fundi, swali la mwisho: sevisi ya kwanza lazima niifanye kwao au naweza kuja kwako Majengo? Niko karibu na wewe kuliko wao.

Fundi_Majengo

Njoo kwangu waranti ikiisha. Kwasasa zote fanya kwao, ya kwanza hasa, kitabu chako kitakwambia kilomita ngapi, kwa hizi za kwetu ni kati ya 500 na 750, na usipitishe hata kama abiria ni wengi siku hiyo. Hakikisha wanachana kuponi na kuandika kilomita kwa kalamu mbele yako, mafuta yawe yale yaliyoandikwa kitabuni, na risiti ya mafuta uibanie humo humo ndani ya kitabu, maana dai likienda juu cha kwanza wanachotafuta ni sevisi uliyoruka.